Uvumilivu wa Lazima Katika Kituo cha Visima Vyeupe

Haya alinihadithia shangazi yangu Sochigel, mwaka ule theluji ilipochelewa kuanguka, tukiwa tunapiga sufu ya hema jipya la kaka yangu. Aliyaona kwa macho yake. Siku hizo alikuwa msichana, kazi yake kukamua farasi majike hapo hapo kituoni. Mimi nimeongeza chumvi pale tu aliposahau kuitia.

Asubuhi moja Bwana Bukidai, Mkuu wa Kituo cha Farasi wa Posta cha Visima Vyeupe, alipanda juu ya mkokoteni, akavua kofia, akaivaa tena, akatangaza:

"Kwa nguvu za Mbingu ya Milele! Kwa bahati ya Khan! Kuanzia leo kila mtu katika kituo hiki atavumiliwa, atake asitake!"

Watu walipiga magoti. Tangazo linaloanza na Mbingu ya Milele hupigiwa magoti, hata likiwa la mbuzi aliyepotea.

Amri yenyewe ilikuwa ya busara, nani atakataa? Khan alisema kila mwenye dini aachwe aombe kwa namna yake, mradi katika maombi hayo amtie na Khan, aishi miaka mingi. Mwenye farasi wengi hafungi wote kwenye kigingi kimoja. Na kwa kuwa kuomba ni kazi, Khan akasema anayemwombea asisumbuliwe na kazi nyingine. Hapandi farasi wa posta. Hatoi kondoo wa kulisha wajumbe. Habebi samadi kavu ya kuwashia moto wa wageni.

Makao makuu walitaka tu makasisi na masheikh waachwe kwa amani. Lakini Bwana Bukidai alikuwa kiongozi mwenye maono, na mwenye maono akipewa kijiko huuliza chungu kiko wapi.

Ni hivi. Kituo cha jirani, cha Mto Mchungu, kilikuwa chini ya mkuu mmoja aitwaye Chilger. Huyo Chilger alikuwa na dini nne zinazomwombea Khan, na kwa sababu hiyo aliletewa joho la hariri lenye nyuzi za dhahabu. Alikuwa akilivaa hata kwenda kukojoa. Bukidai alikuwa na dini mbili tu: Kasisi Yoshmut mwenye msalaba wa shaba, na Sheikh Burhan wa Bukhara, aliyebaki kwetu baada ya ngamia wake kufa. Alikuwapo mtawa wa Budha pia, akipita njia, lakini Chilger alimchukua kwa ahadi ya siagi. Bukidai aliumia kama mtu aliyenyang'anywa mchumba.

"Tuko nyuma kiuvumilivu," alisema. "Hali hii haivumiliki."

Basi akaunda Ofisi ya Uvumilivu na Maombi Mchanganyiko. Ofisi ilikuwa hema lake. Watumishi wa ofisi walikuwa yeye. Utaratibu ukawa kila kaya ije ieleze dini yake, ihojiwe, na ikifaulu Mkuu mwenyewe ataifungia utepe mwekundu kwenye kamba ya hema. Hema lenye utepe haliguswi na kazi yoyote.

"Na mimi binafsi," akasema huku ameweka mkono kifuani, "kwa kuwa ofisa wa uvumilivu hapaswi kuelemea upande wowote, sina dini, sitakuwa nayo, na nikiwa nayo ofisi imenitoka hapo hapo. Nimejitoa mhanga kwa ajili yenu."

Watu wakampigia makofi. Wengine walifuta machozi, ingawa siku hiyo kulikuwa na vumbi.

Sasa mwenye shida alikuwa Nomolun. Mumewe, mzee Torolchi, alikuwa amepanda farasi wa posta tangu masharubu hayajaota. Safari ya mwisho alirudishwa amefungwa ndani ya blanketi la sufu, kiuno kimepondeka, anaongea na marehemu baba yake. Mwunga mifupa alimwambia Nomolun waziwazi: "Huyu akipanda tena, msihangaike kumfungua. Mzikeni hivyo hivyo." Watoto hawakujaliwa. Na zamu ya hema lao kutoa mpanda farasi ilikuwa imefika. Mjumbe yeyote atakayetokea sasa ni wao.

Nomolun akaenda kwa Mkuu.

"Mkuu, mume wangu hata kukaa hawezi. Anakula amelala kama mtoto."

"Pole sana, mama. Ofisi inatambua."

"Basi mtoe kwenye zamu."

"Kanuni haisemi mpanda farasi awe mzima, mama. Kanuni inasema awe juu ya farasi."

"Atakufa!"

"Akifa akiwa juu ya farasi, zamu itahesabika imetimizwa." Bukidai akashusha sauti, akawa mpole kabisa. "Lakini kwa nini usivumiliwe, Nomolun? Tafuta dini. Nitakufungia utepe mimi mwenyewe, tena wa hariri."

Nomolun hakuwa mtu wa makelele. Alivuka kizingiti bila kukigusa, kama adabu yetu inavyotaka, akanyoosha kofia yake, akaenda moja kwa moja kwa Kasisi Yoshmut. Alimkuta amekaa kivulini, anafukuza nzi kwa msalaba.

"Baba Kasisi, nataka kuingia, mimi na mzee wangu."

"Karibu, binti yangu! Furaha iliyoje! Jambo la kwanza, mwache maziwa ya farasi yaliyochacha. Mkristo wa kweli haigusi airag."

"Haigusi kabisa?"

"Hata kidole."

"Baba, Torolchi alianza airag kabla ya ziwa la mama yake. Ukimnyima atakufa kabla hajafika mjumbe." Nomolun akanusa. "Na hicho kiriba nyuma yako kinanukia nini?"

Kasisi akakivuta kiriba chini ya joho. "Hiki ni kwa ajili ya tumbo. Tumbo langu halijabatizwa vizuri."

Nomolun akaenda kwa Sheikh Burhan. Sheikh alikuwa anashona kiatu. Alimsikiliza mpaka mwisho, na shangazi alisema ndiye mtu pekee kituoni aliyekuwa na tabia hiyo.

"Mama Nomolun," akasema, "ukija kwa Mungu, nitakufungulia mlango huku nacheka kwa furaha. Lakini wewe huji kwa Mungu. Unamkimbia farasi."

"Ndiyo, Sheikh. Sikufichi."

"Basi siwezi kukusemesha maneno makubwa ya shahada kwa sababu ya farasi. Ni kukudanganya wewe, na kumdanganya Yeye."

"Na Bukidai je?"

"Bukidai tunaweza kumdanganya," akasema Sheikh, akakata uzi kwa meno. "Lakini kwa jambo jingine. Mama, wewe asubuhi hufanyi kitu? Ukiamka, kabla hujala?"

"Nakamua, nachota kijiko, narusha matone ya maziwa juu, kwa Mbingu. Kila mtu anafanya hivyo, Sheikh. Hiyo si dini, hiyo ni asubuhi."

"Hm," akasema Sheikh, akarudi kwenye kiatu chake.

Kesho yake alfajiri Nomolun alisimama mbele ya hema na kijiko chake, akarusha maziwa kusini kwanza, kama alivyofundishwa kwao. Kutoka hema la pili ikapaa sauti ya jirani yake Ibaka, ambaye alikuwa akigombana naye tangu wote wawili walipokuwa maharusi.

"Unaanza kusini tena! Macho huna? Mashariki ndiyo kwanza! Ndiyo maana ng'ombe wako wamekonda!"

"Ng'ombe wangu wamekonda kwa kusikiliza mdomo wako!"

"Kusini! Kusini! Kwenu mlilelewa na mbwa mwitu?"

"Mbwa mwitu wenye adabu! Wewe je, unayemrushia jua maziwa usoni kama unamfukuza paka?"

Shangazi Sochigel alikuwa amechuchumaa chini ya farasi, anakamua. Anasema alimwona Nomolun akinyamaza ghafla katikati ya tusi zuri sana. Kisha akatabasamu. Ibaka aliogopa.

"Jirani," Nomolun akasema, "vaa kofia yako ndefu. Twende ofisini ukanitukane mbele ya Mkuu."

"Bure?"

"Bure."

"Ngoja nifunge mkanda."

Bwana Bukidai aliendesha mahojiano kwa umakini mkubwa, mgongo wake umenyooka kama nguzo ya hema.

"Dini yako ina kitabu?"

"Haina, Mkuu."

"Si kitu, vitabu ni vizito kubeba. Ina kofia?"

Nomolun akaonyesha kofia yake, ile ndefu ya wanawake walioolewa, imesimama kama bomba. Bukidai akaipima kwa macho, akaridhika.

"Inamwombea Khan?"

"Kila tone namtaja."

"Vyema. Sasa swali zito." Bukidai akainama mbele. "Ina mpinzani? Kwa sababu, mama, uvumilivu ni kumvumilia mtu ambaye mwenzake hamtaki. Kama hakuna asiyekutaka, mimi nikuvumilie nini? Dini isiyo na mpinzani ni mazoea tu."

"Mpinzani huyu hapa," akasema Nomolun.

Ibaka akavuta pumzi. Alianza na kusini na mashariki, akaingia kwenye ng'ombe, akapanda kwenye ukoo, akamaliza na namna Nomolun anavyokoroga supu. Farasi waliofungwa nje walirudi nyuma. Bukidai alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza zeze.

"Inatosha! Hii ni dini kamili!" Kisha macho yake yakapanuka. "Subiri. Na wewe Ibaka, unayeanza mashariki... yeye anakupinga?"

"Nampinga mpaka kaburini!" akasema Nomolun.

"Basi ni mbili!" Bukidai alisimama, akagonga kichwa kwenye mti wa paa, hakusikia maumivu. "Dini mbili katika asubuhi moja! Chilger anisikie huko aliko!"

Akafunga tepe mbili nyekundu. Mzee Torolchi, aliyelala mlangoni kwa ubavu, aliutazama utepe ukipepea juu yake.

"Mke wangu, mimi sasa ni nani?"

"Wewe ni mtakatifu."

"Watakatifu wanapewa airag?"

"Wa kwetu, ndiyo."

"Nilijua tu siku moja nitafika mbali," akasema, akafumba macho.

Habari ikaenea kama moto wa nyasi. Mchana huo huo shemeji yake Ibaka akajitokeza: yeye hurusha kwa mkono wa kushoto. Akapingwa, akafaulu. Mwingine hurusha akiwa amefumba jicho moja. Mwingine harushi kabisa, anafikiria tu kurusha, na mkewe alimpinga kwa mwiko mbele ya ofisi. Ndugu wawili wasiowahi kugombana walikaa siku nzima wakitafuta la kugombania. Jioni walipata, wakakumbatiana kwa furaha, wakaenda kupigana hemani kwa Mkuu. Kila aliyetoka alitoka na utepe. Kituo kizima kikawa kinapepea kama kina harusi.

Ni kweli samadi haikubebwa tena, na visima havikufukuliwa mchanga. Lakini maombi yalikuwa mengi mno. Khan bila shaka alipata afya kiasi cha kumsumbua.

Bukidai akawaambia wafanyabiashara waliopita na ngamia: "Huko mbele mkimkuta Chilger, mwambieni Visima Vyeupe tumeacha kuhesabu dini. Mwambieni joho lake alitunze, karibu litahamia mwili mwingine."

Chilger hakujibu. Aliyejibu ni vumbi kwenye upeo wa macho, adhuhuri moja, na kengele.

Alikuwa mjumbe wa Khan, mtu mnene aitwaye Jirgal, ana bamba la dhahabu kifuani na hasira ya mtu aliyetoka mbali juu ya mifupa ya wengine. Mwenye bamba la dhahabu hasubiri. Apewe farasi wapya, kondoo, moto, na mpanda farasi wa kumtangulia na kengele mpaka kituo kinachofuata. Akikosa, kituo huchapwa viboko kuanzia juu.

"Farasi!" akanguruma Jirgal.

Watu wakamwinamia, kila mmoja mbele ya utepe wake.

"Tunakuombea, mheshimiwa," akasema Ibaka.

"Sitaki dua! Nataka kondoo! Wewe, mzee uliyelala, kamata farasi!"

Nomolun alikwishasimama mbele ya mumewe. Shangazi anasema mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania kamba ya hema, pale utepe ulipofungwa. Sauti yake lakini ilikuwa laini kama siagi.

"Mheshimiwa, huyu ni mwombezi wa Khan. Kumpandisha farasi ni kumkata Khan dua katikati. Si mimi ninayesema. Amri ya Khan ndiyo inasema, na mkono wa Mkuu wetu ndio umefunga."

Jirgal akaangalia utepe. Akaangalia hema la pili, la tatu, la mwisho kabisa kilimani. Kote kunapepea. Akamgeukia Kasisi: ana msalaba. Akamgeukia Sheikh: ana kilemba. Bamba la dhahabu lilikuwa la Khan, na amri ya dua ilikuwa ya Khan, na Jirgal alipenda kichwa chake kilivyokaa shingoni.

"Katika kituo hiki," akauliza polepole, "nani si mtakatifu?"

Watu wote wakamtazama Bwana Bukidai. Walimtazama kwa heshima kubwa sana.

"Mimi ni ofisa!" akasema Bukidai.

"Una dini?"

"Nimejitoa mhanga nisiwe na..." Hapo akaona shimo, mguu mmoja tayari umo. "Ninayo! Nimeipata sasa hivi! Mimi... mimi narusha maziwa moja kwa moja juu, yakinirudia usoni! Nani ananipinga?"

Kila mtu akatazama utepe wake. Hata mbwa walikaa.

"Hiyo ni sahihi kabisa, Mkuu," akasema yule wa mkono wa kushoto.

"Mimi nimekuwa nikiwaza hivyo hivyo," akasema yule anayefikiria tu.

"Wewe shemeji wa Ibaka! Juzi ulimpinga mkeo kwa ajili ya chumvi!" akalia Bukidai.

"Nimekua, Mkuu."

Bukidai akamkimbilia Ibaka, mikono mbele kama mwombaji. "Ibaka! Dada yangu! Wewe hujawahi kukubaliana na mtu. Nitukane! Kidogo tu! Sema mashariki ndiyo kwanza!"

Ibaka aling'ata mdomo. Machozi yalimtoka. Mwili mzima ulimtetemeka, kama sufuria yenye kifuniko kizito. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino:

"Mkuu... uko... sahihi."

Shangazi Sochigel alisema hakuna aliyemwombea Khan dua nzito kama ile.

Basi kazi ikafanyika, kwa mujibu wa kanuni. Bwana Bukidai akabeba samadi katika mikono ya joho lake jema. Akamkamata kondoo, au tuseme walikamatana. Akamlaza ili amchanje kifuani na kuuminya moyo kama inavyopasa bila damu kumwagika. Kondoo akamtazama, akaondoka. Mkuu akamfuata mahema yote mpaka akamshika, na mbele ya kila kizingiti aliruka juu kwa adabu. Watu walisimama pembeni wakiomba kwa bidii. Jirgal, ambaye hakuwa amecheka tangu atoke mji mkuu, alilazimika kushikilia nguzo.

Ikabaki kupanda farasi. Nomolun mwenyewe alimfunga Mkuu vitambaa tumboni na kifuani, kama wafungwavyo wapanda farasi wa posta ili mbio zisiwavunje, na mzee Torolchi akatoa mafunzo akiwa amelala mlangoni, kwa upendo wa fundi.

"Kaza tumbo, Mkuu. Usiume ulimi. Ukisikia kitu kimelia kiunoni, hiyo si kengele, lakini usisimame."

"Torolchi, wewe umepanda miaka mingapi?"

"Mpaka ulipoanza kunivumilia, Mkuu. Mungu wa kila mtu akubariki."

Kengele zikalia, farasi akaruka, na Ofisi ya Uvumilivu ikaondoka ikipiga kelele kuelekea Mto Mchungu.

Alirudi kesho yake mchana, ndani ya mkokoteni, kifudifudi. Jua lilikuwa kali na kituo kilikuwa kimeshiba. Nyama ya kondoo wa mjumbe ilibaki nyingi, na watakatifu walikuwa wameimaliza. Ibaka alikuwa anakoroma akiwa ameelekea mashariki. Kasisi alikuwa amelalia kiriba chake. Sheikh alilala na kiatu kifuani. Mzee Torolchi alikuwa usingizini, mdomo wazi, mkono mmoja kwenye goti la mkewe.

Nomolun akajitoa taratibu, akachukua mafuta ya mkia wa kondoo, akaenda kumpaka Mkuu pale panapostahili kupakwa.

"Nomolun," akasema Bukidai ndani ya blanketi, "nimeshinda."

"Hongera, Mkuu."

"Jirgal amefurahi mno kuhudumiwa na mkuu mwenyewe. Ameagiza wakuu wote wa barabara hii wawe wanapanda wenyewe. Wote! Chilger alikuwepo. Amevuliwa joho, amefungwa vitambaa. Amenitukana, Nomolun! Mbele ya mashahidi! Amenitukana mpaka babu wa babu yangu. Amesema hanitaki duniani."

"Huyo ni mpinzani."

"Mpinzani safi! Basi nina dini. Lete utepe."

"Huu hapa." Nomolun alikuwa nao mfukoni. "Nani anafunga?"

"Mkuu wa Ofisi."

"Ambaye ni nani?"

"Mimi."

"Mwenye dini?"

"Hapana. Mwenye dini ofisi imemtoka. Nilitangaza mwenyewe, juu ya mkokoteni."

"Ndiyo, ulitangaza vizuri sana. Tulipiga makofi."

"Basi nikiwa na dini, mimi si ofisa," akasema Bukidai, taratibu. "Nisipokuwa ofisa, siwezi kufunga. Nisipofunga, sina dini. Nisipokuwa na dini, mimi ni ofisa. Nikiwa ofisa, nafunga. Nikifunga, nina dini. Nikiwa na dini..."

Nomolun alimpaka mafuta mpaka yakaisha, akamfunika, akarudi kwa mzee wake, akajilaza kando yake, na mara pumzi yake ikawa ndefu. Kutoka kwenye mkokoteni sauti iliendelea, kama mtu anayehesabu kondoo wanaopita langoni na kurudia mlango wa nyuma. Nisipokuwa ofisa. Nisipofunga. Nikiwa nayo. Shangazi Sochigel, akiwa chini ya farasi wake, aliisikia ikipungua, ikipungua, mpaka Bwana Bukidai naye akalala.